Siku Ndimi Zetu Zilipogeuka Nyeusi

Peremende ya kwanza kunitia hofu maishani ilikuwa na chumvi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimeketi sakafuni kwa nyanya yangu, juu ya kilima kimoja upande wa Ekerenyo, na nilipoitia mdomoni nilidhani kuna mtu amekosea huko kiwandani. Ilikuwa nyeusi kama makaa, ngumu, yenye harufu ya dawa ya kikohozi. Na chumvi. Nani hutia chumvi kwenye peremende?

"Usiteme," nyanya alisema. "Kwanza niambie ikoje."

Hivyo ndivyo alivyofanya kila mara. Shangazi yangu, kitinda mimba wake, alikuwa yaya wa familia moja ya Wazungu ambayo kazi ya baba wa nyumba iliihamisha kutoka nchi hadi nchi. Kila walikohamia, shangazi alituma kifurushi, nasi tukakichukua posta ya Nyamira. Hakuwa mtu wa kueleza mambo. Badala ya maneno alituma vitamu. Kutoka Uswisi ilikuja chokoleti ya maziwa, nene kama kipande cha sabuni, iliyovishwa karatasi ya kung'aa ambayo tuliipigania. Kutoka Ubelgiji zilikuja chokoleti zilizofinyangwa mithili ya kombe za baharini, nasi hatujawahi kuiona bahari. Ukiuma, ndani unakuta uji mzito wa njugu. Uturuki ilitupa vipande laini vyenye harufu ya waridi, vimegaragazwa kwenye unga wa sukari, vikang'ang'ania menoni hadi tukaogopa kuzungumza. Kabla ya hapo sisi tulijua miwa tu, na sukari guru iliyotoka upande wa Kenyenya ikiwa imefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na baba akishuka mjini Kisii, jalebi za duka la Wahindi, ambazo zilifika nyumbani zimelowesha gazeti.

Nyanya mwenyewe hakula. Aliinusa chokoleti, akaikata kwa kisu cha kumenyea ndizi, akatugawia sisi wajukuu na watoto wa jirani, kisha akafumba macho na kungoja.

"Haya. Ikoje?"

"Tamu, Magokoro," tulijibu, kwa maana ndivyo tunavyomwita nyanya kwa lugha yetu.

"Tamu si jibu. Hata muwa ni mtamu. Wewe mwenye mdomo mpana kama kikapu cha chai, ikoje?"

Kwa hiyo tulijifunza kutafuta. Inaanza kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi, tulisema. Halafu inakuwa kama udongo ukinyeshewa mvua ya kwanza. Halafu inaondoka na kuacha joto kooni. Nyanya alitikisa kichwa polepole. "Basi huko kuna maziwa mazuri. Atanenepa." Kwa ndimi zetu alijua mwanawe anaishi vipi.

Daktari alikuwa amemkataza sukari, na aliyejua hilo alikuwa mama yangu peke yake, kwa kuwa ndiye aliyempeleka hospitali. Nyanya alimwapisha asimwambie mtu. "Mwanangu akijua ataacha kutuma," alisema. "Na akiacha, nitajuaje aliko?"

Sasa, kwetu anayekupa chakula huonja kwanza. Akikuletea uji, hupiga funda moja mbele yako ndipo akukabidhi kikombe. Ni heshima, na pia ni kiapo. Katika miaka ile ya mwanzo wa tisini kiapo hicho kilikuwa kizito, kwa sababu ilivuma kwamba watoto wanapewa uchawi ndani ya mandazi na ndizi mbivu njiani wakitoka shule, na kwamba mtoto akishaula hukua nao tumboni. Tulisikia pia ya vikongwe waliochomewa ndani ya nyumba zao. Wakati mwingine tuliona moshi ng'ambo ya mlima, na watu wazima wakaanza ghafla kuzungumza juu ya bei ya majani chai. Nilijua mambo hayo kama nilivyojua mvua ya mawe: huanguka, lakini kwenye mashamba ya wengine.

Peremende za chumvi zilitoka Ufini. Siku ile tulizila kwa kelele, tukikunja nyuso, tukichekana. Msichana wa boma la pili, aliyekaa nami dawati moja shuleni, hakutaka kushindwa na mtu. Alizitia nyingi mdomoni kwa pamoja, akazitafuna huku machozi yakimtoka, kisha akashindilia chokoleti juu yake ili kuua ladha. "Ni kama kulamba betri ya redio, Magokoro!" alisema, na nyanya akacheka hadi akashika mbavu. Kisha msichana akakimbia kwao.

Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima niliposikia nduru. Haikuwa ya msiba. Nduru ya msiba huvutwa; hii ilikatika-katika kama mtu anayepigwa. Punde waliokuwa wakirudi kutoka kituo cha kuuzia majani chai walitua vikapu vyao njiani na kuingia uani kwetu. Mbele alikuwa mama yake yule msichana, kamfunga mwanawe mgongoni kama mtoto mchanga. Nyuma yake walikuja wanaume. Mmoja wao alikuwa jirani aliyetuezekea paa mwaka uliotangulia, mtu wa mizaha, aliyezoea kutuchekesha akiwa juu ya ngazi. Alikuwa amebeba mtungi wa plastiki. Nilipoisikia harufu ya mafuta ya taa nilidhani ametumwa dukani.

"Omong'ina," mama yule alisema, akimwita nyanya kwa neno la heshima ambalo tunawaitia wanawake wazima, "umempa mwanangu nini?"

"Nimempa peremende."

"Peremende gani hutapikwa nyeusi? Tazama ulimi huu!" Akamgeuza mtoto, akampanua mdomo kwa vidole.

"Zimetoka mbali, mama. Binti yangu ndiye amezituma."

"Uliionja kwanza?"

Nilimtazama nyanya nikingoja aseme ndiyo. Lilikuwa neno moja tu. Angelisema, na nani angebisha?

"Sikuionja," nyanya alisema.

"Mmesikia! Kwa kinywa chake!"

Mama yangu alitoka jikoni mbio, unga umemjaa mikononi. "Ana ugonjwa wa sukari! Daktari amemkataza! Mimi ndiye niliyempeleka!"

"Mgonjwa wa sukari ambaye nyumba yake imejaa sukari?" alisema yule fundi wa paa, na watu wakacheka. Kweli walicheka. Hata leo nikikumbuka siku ile, kicheko hicho hunitisha kuliko ule mtungi.

Nyanya alijiburuta hadi kwenye kigoda, akalipakata kopo la peremende, akachukua moja, akaitia mdomoni. Akachukua nyingine. Alitafuna bila haraka akimtazama mama wa msichana, na alipomaliza akatoa ulimi. Ulikuwa mweusi kama wa mtoto. Nikashusha pumzi. Ameonja, nikafikiri. Yamekwisha.

"Mchawi hafi kwa dawa yake," fundi alisema, akaanza kufungua kifuniko cha mtungi.

Hapo mama akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alinikamata taya. "Fungua mdomo!" Akanigeuzia watu. Kisha akawaita watoto waliojificha nyuma ya migomba: "Njooni hapa! Nyote mliokula kwa Magokoro, simameni, toeni ndimi!" Walikuja, kwa sababu mama alikuwa na sauti ambayo hata ng'ombe waliitii. Tukasimama pale mbele ya nyumba ya nyanya, ndimi nje, nyeusi zote. Nilidhani anataka waone kwamba tu wazima.

"Mungu wangu!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Amewapa wote!"

"Ndiyo, wote," mama alisema. Sauti yake ilishuka ghafla, ikawa ya mtu anayeuliza bei sokoni. "Kama ni uchawi, umo ndani yao wote. Huyu wangu. Yule aliye mgongoni. Na wale wawili, baba, ni wako." Alimnyooshea fundi kidole chenye unga. "Ukimaliza na mama mkwe wangu, utaanza na yupi?"

Fundi aliwatazama wanawe. Mdogo alikuwa akitabasamu huku ulimi umening'inia, akiamini huu ni mchezo na yeye anashinda. Baba yake alirudisha kifuniko cha mtungi. Kilimponyoka mara kadhaa vidoleni kabla hakijakaa.

"Ni peremende," alisema, bila kumwambia yeyote. "Peremende tu za Wazungu."

"Ndiyo, za Wazungu huwa hivyo," mwingine akadakia.

"Hata mimi nilishaziona Kisii mjini, madukani."

Kwa muda wa kuvuta pumzi, kila mtu alikuwa anazijua peremende nyeusi tangu utotoni mwake. Waliondoka mmoja mmoja wakaviokota vikapu vyao. Mzee mmoja alisimama kwenye lango, akageuka na kututakia usiku mwema kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba.

Nilibaki nimetoa ulimi. Nilikuwa nimesahau kuurudisha. Niliyaelewa kidogo tu, lakini hili nililielewa: hakuna aliyemsadiki nyanya. Si kopo, si daktari, si kinywa chake kilichosema kweli. Aliponea kwenye vinywa vyetu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amehesabu wa kwake.

Nyanya alitetemeka hadi asubuhi, na mama akampeleka hospitali. Alirudi amekonda. Watoto hawakuja tena. Njia ya kutoka boma la pili ikaota nyasi, na vifurushi vilipofika nililetewa mimi peke yangu kuonja. Nilijitahidi, nikasema maziwa, nikasema asali, nikasema moshi. Nyanya alifungua macho katikati ya maneno yangu.

"Wewe unaniambia ninachotaka kusikia," alisema. "Sasa sijui kama mwanangu ni mzima au la."

Miaka kadhaa baadaye, mvua za masika zilikuwa zimeanza mama wa yule msichana alipotokea mlangoni. Alikuwa na kikapu cha ndizi mbivu kichwani, na hakusema amekuja kwa nini. Mama yangu alisimama kizingitini na mwiko mkononi, wala hakumkaribisha. Nyanya ndiye aliyesema, "Keti, mama."

Akaketi. Wakazungumza juu ya mvua, na mahindi, na msichana ambaye sasa alikuwa mrefu kumshinda mamake. Kisha nyanya akavuta kifurushi kilichokuwa kimewasili wiki ile, akavunja pembe ya chokoleti nyeusi, isiyo na maziwa. Akaipeleka polepole kwenye midomo yake mwenyewe ili aonje kwanza.

Yule mwanamke alimshika kifundo cha mkono.

"Wacha, Omong'ina. Hiyo ni sumu kwako."

Akaichukua kutoka vidoleni mwa nyanya, haijaonjwa, akaila mbele yetu. Nilitazama koo lake likishuka na kupanda. Mama alishusha mwiko.

Nyanya alifumba macho. "Ikoje?"

"Chungu." Mwanamke alikunja uso, akatafuta kwa ulimi. "Chungu kama kahawa iliyoungua. Lakini ngoja... nyuma yake kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Kama tunda. Kama zambarau iliyoiva sana, ile inayoanguka yenyewe."

"Endelea," nyanya alisema.