Kitufe Kilichoandikwa Somo

Wiki iliyopita nilifunua kanga iliyofunika kompyuta ya zamani nyumbani kwa Baba, ikanipanda puani ile harufu ya vumbi na plastiki iliyowahi kupata moto. Msinicheke, wasomaji wangu. Wengine hukumbuka utoto kwa harufu ya mandazi. Mimi, binti wa Wete, nakumbuka kwa harufu ya mashine. Pale mezani, miaka mingi kabla ya stashahada yangu ya kompyuta kutoka Dar es Salaam, na kabla ya ofisi yangu hii karibu na soko ambayo sikuijenga kwa fedha ya mtu, nilifanya kazi yangu ya kwanza ya ufundi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi ile haijaharibika mpaka leo.

Kompyuta ililetwa na ami yetu kutoka Maskati. Kioo chake kilikuwa kizito kama gunia la mbata, na ukikiwasha kililia sauti nyembamba, vinyweleo vya mkono vikasimama. Walioitumia hasa walikuwa watatu: kaka yangu Juma, mimi, na bibi mzaa baba, Bi Fatma. Nami ni Fatma. Nilipewa jina lake, na kwa desturi ya kwetu wenye jina moja huitana somo. Kwa hiyo yeye alikuwa somo yangu, nami somo yake, ingawa alinizidi zaidi ya miaka hamsini.

Somo yangu alikuwa ameweka nadhiri ya kumsomea marehemu Babu khitma nzima, Kurani mwanzo hadi mwisho, kwa macho yake mwenyewe, kabla ya Ramadhani kuingia. Hakutaka kusomewa. Lakini msahafu wake wa siku zote ulikuwa umemshinda. Herufi, alisema, zimekuwa sisimizi, kila akizitazama zinahama. Ami akaleta msahafu ndani ya diski, na Baba akagundua kwamba nukta za skrini zikipunguzwa, maandishi yote hunenepa. Basi kila alasiri, baada ya kuswali, Bibi alivuta kiti, akajitanda mtandio wake mweupe, akasoma kwa sauti ya chini huku kidole chake kikifuata mstari juu ya kioo. Zilikuwa zimebaki juzuu nne, na Ramadhani ilikuwa siku tisa mbele.

Shida ilikuwa Juma. Yeye alitaka nukta nyingi, vitu viwe vidogo, aone uwanja mzima anapocheza mpira wake. Kila akiinuka yeye, Bibi alikuta sisimizi wamerudi.

"Juma! Umekifanya nini tena kioo changu?"

"Bibi, herufi zako kubwa kama madafu. Miye nikicheza naona goli moja tu."

"Goli moja lakutosha. Weye hata hilo hulifungi."

Tulicheka, lakini Baba hakucheka. Alikuwa karani, mtu wa utulivu, na kelele zilimchosha. Alisema akisikia ugomvi mmoja zaidi ataifunga mashine ndani ya boksi lake na kuipeleka Gando kwa shangazi. Bibi alishusha mtandio usoni, na mimi nikajua ni kwa nini: mashine ikiondoka, nadhiri imevunjika.

Nikaamua kila mtu awe na mlango wake wa kuingilia. Nikaandika Juma, nikaandika Fatma, yaani mimi, kisha nikataka kumwandika Bibi. Mashine ikakataa: jina hilo lipo. Aliyeitengeneza, bila shaka, hakuwahi kuishi Pemba, ambako nyumba ya Fatma mmoja ni nyumba iliyokosa wageni. Nikaandika Fatma 2, nikamwita aone.

"Mbili?" Bibi alisema. "Jina nimelivaa tangu kuzaliwa, weye umeliazima juzi, leo miye ndiye wa pili?"

Nikafuta upesi, nikaandika Somo. Akalitazama muda mrefu, akatabasamu kwa jino moja la dhahabu.

Milango ilikuwepo, lakini nukta zilikuwa bado za wote. Akizibadilisha mmoja, zimebadilika kwa kila mtu. Nikamwendea Mwalimu Asha, aliyetufundisha kompyuta skuli. Akanipa programu ndogo ya kupanga nukta na kunionyesha jinsi ya kuandika faili la mstari mmoja, likae mahali ambapo mashine hulisoma kila mtu anapoingia. Nikajaribu kwanza kwenye mlango wangu, nikakosea tarakimu, kioo kikawa cheusi tititi.

"Umeiua!" Juma alisema, kwa furaha nyingi kuliko ilivyompasa.

Sikuiua. Niliizima, nikaiwasha, nikapitia mlango wa Baba, uliokuwemo tangu mashine ilipoletwa, nikasahihisha. Kisha nikaandika mistari yetu mitatu, kila mtu na nukta zake.

Siku iliyofuata Baba alimwamuru Juma aache mpira, ashike masomo. Juma akaona kitufe kimeandikwa Somo, akadhani nimemwekea hisabati. Akaingia, akakuta madafu, akayabadilisha yote kuwa sisimizi, akatoka. Alasiri Bibi akavuta kiti. Juma ndipo alipokumbuka kwamba Somo ni Bibi, akapiga kelele, "Nilidhani somo la skuli!" Baba akasimama mlangoni, na boksi lilikuwa kule nyuma yake, juu ya kabati.

Bibi akabonyeza Somo. Herufi zikatokea ndogo, ndogo mno. Kisha kioo kikagonga tak! na aya zikafunguka mbele yake, nene, nyeusi, kila nukta mahali pake. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu; mashine ilikuwa imeusoma mstari wangu. Bibi akapiga kigelegele kilichomleta jirani mbio, akamwambia Juma, "Ulikuta maandishi makubwa hukujua si yako? Ndiyo maana hesabu zakushinda." Baba akarudi barazani. Khitma iliisha siku mbili kabla ya mwezi kuandama, na Bibi alitangaza Wete nzima kwamba somo yake ni fundi.

Bibi sasa ni marehemu. Wiki iliyopita nikaiwasha mashine, majina yetu yakapangika kama zamani. Nikabonyeza Fatma. Sikuona kitu ila sisimizi. Macho yangu, baada ya miaka yote ya kutazama skrini, si yale tena. Nikabonyeza Somo. Tak! Maandishi yakanifungukia, makubwa, yakitii mstari nilioandika nikiwa na miaka kumi na miwili. Nitajieni fundi mwingine wa hapa ambaye kazi yake imedumu hivyo.

Utotoni niliamini nimemtengenezea mlango bibi kizee mmoja. Nilisahau kwamba somo ni jina la wawili, na mmoja wao ni mimi.