Mtoto wa Kwenye Pakiti ya Uji

Mama Kikombe alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuingia dukani akatoka bila kugeuza pakiti. Alikuwa akisema amefuata kiberiti. Kiberiti kiko pale mlangoni, mkono tu unafika, lakini yeye alipitiliza hadi rafu ya nyuma, akainama, na kuanza kuzipanga pakiti za unga wa uji moja moja ili zote zitazame mbele. Iliyolala aliisimamisha. Iliyowekwa kichwa chini aliigeuza huku akimnung'unikia aliyeiweka. Wenye maduka walishamzoea, na wengine walimwita msimamizi wa rafu asiye na mshahara. Hakujali, kwa sababu mtoto aliyetabasamu kwenye kila pakiti alikuwa binti yake.

Na wala hakukaa nalo moyoni. Mteja yeyote akisogea karibu, alikuwa na la kumwambia.

"Unamwona huyu? Wangu wa kumzaa huyu."

Mteja anatazama pakiti, anamtazama yeye, anaona paji la uso ni lile lile. "Kweli kabisa. Sasa yuko darasa la ngapi?"

"Alifariki. Mwaka wa pili huu. Figo."

"Jamani. Pole sana, mama."

"Ahsante. Chukua tu, uji wake mtamu."

Akitoka hapo alitembea mwepesi kidogo. Amemtaja mwanawe kwa mtu, na mtu huyo amemwona sura. Kwa siku hiyo ilimtosha.

Uji wenyewe ulizaliwa kwa kusahau. Wakati huo, miaka saba nyuma, Mama Kikombe alikuwa mfungaji wa maboksi katika kiwanda kidogo cha unga, kazi anayoifanya mpaka leo, na binti yake wa miaka minne alikuwa mgumu wa kula kupita maelezo. Ukimsogezea kijiko anafunga mdomo utadhani umemwomba atoboe siri. Siku moja mama aliweka unga kwenye kikaango autoe unyevunyevu, jirani akabisha hodi, mazungumzo yakanoga, na aliporudi jikoni unga ulikuwa umegeuka rangi ya udongo. Kuumwaga aliona uchungu. Akatwanga karanga na mbegu za maboga zilizokuwepo, akachanganya, akakoroga. Mtoto akanywa kikombe kizima, halafu akakigeuza juu chini kumwonyesha mama kwamba hakuna kitu, akataka kingine.

Kesho yake mama akautia uji ule kwenye chupa ya chai na kwenda nao kazini. Bosi, ambaye mkono wake ni wa birika lakini kwa kudokoa vya watu hana mpinzani, alionja kwenye kifuniko na kubaki amesimama palepale. Miezi mitatu baadaye unga wa kukaanga ulikuwa bidhaa ya kiwanda.

Pakiti yake ilihitaji sura, kwa hiyo akaletwa mchoraji wa matangazo, bwana mmoja mwembamba waliyemwita Penseli. Penseli alishinda jikoni kwa Mama Kikombe asubuhi nzima bila kuchora hata mstari, kazi yake kumtazama mtoto akinywa. Mama alianza kumshuku kuwa ni mvivu. Lakini ilipotoka pakiti, hata yeye alikiri kwamba asubuhi ile haikupotea bure. Mtoto alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, ana masharubu ya uji juu ya mdomo, na kikombe chenyewe hakikuchorwa. Kiliachwa kiwe nailoni tupu, ukaona unga halisi ndani yake. Kila ulipochota unga, kikombe cha mtoto kilipungua. Chini yaliandikwa maneno mawili tu: Msaidie amalize.

Hapo watoto wa mji wakapata wazimu mdogo. Waliokuwa wakinyweshwa kwa vitisho sasa walidai uji wenyewe, asubuhi na jioni, ili yule dada wa kwenye pakiti amalize cha kwake. Binti akapoteza jina lake la kuzaliwa. Shuleni Kikombe, njiani Kikombe, mpaka wazazi nao wakaitwa Mama Kikombe na Baba Kikombe, wakaitika.

Alipofika miaka tisa figo zikagoma. Kwa kuwa mwili haukuweza tena kuyatoa maji, wodini walimpimia ya kunywa kwa kifuniko cha chupa, asubuhi viwili, jioni viwili, na midomo yake ikapasuka kwa kiu. Ng'ambo ya dirisha, kwenye ukuta wa duka, alikuwa amechorwa yeye mwenyewe, mkubwa kuliko mlango, kikombe kimejaa pomoni.

"Mama," alisema siku moja, "yule wamemruhusu anywe."

Akageukia upande wa pili. Mwezi ule hakuumaliza.

Baba Kikombe, fundi bomba, mtu ambaye maneno yake ni ya kuhesabu, alimzika mwanawe na kurudi kwenye mabomba. Uji hakuugusa tena. Mkewe alimwona mkavu wa macho, akaumia, akaamua kuwa wanaume ndivyo walivyo na kumwacha alivyo. Yeye alikuwa na maduka yake. Mtoto yupo kila rafu, anatabasamu, na maadamu kiwanda kinasaga, atakuwepo. Huo ndio ulikuwa msingi aliousimamia kwa miaka miwili, na asiombe mtu kuwekwa kwenye msingi wa namna hiyo.

Jumatatu moja aliingia kazini akakuta kando ya mashine ya kufungia kuna roli mpya ya nailoni ya pakiti. Mtoto hayumo. Kuna tembo wa kuchorwa, na kona ya pakiti inayokatwa ndiyo mkonga wake, ili ukiinamisha, unga umiminike kwenye mkonga moja kwa moja hadi sufuriani. Ulikuwa ubunifu mzuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alikwenda ofisini bila kuvua aproni.

"Bosi, mtoto wangu mnampeleka wapi?"

"Kaa kwanza, Mama Kikombe."

"Sikai. Kama nafasi haitoshi, mpunguzeni. Muwekeni nyuma ya pakiti. Muwekeni pembeni, awe mdogo kama stempu. Mimi nitamwona tu."

Bosi alivua miwani, akaivaa tena. "Unga unarudi, mama. Maduka yanarudisha maboksi mazima. Nilimtuma mtu akawaulize kulikoni."

"Akaambiwa nini?"

"Wazazi wanaogopa. Wanasema hawawezi kumwambia mtoto amsaidie marehemu amalize. Kuna wanaouita uji wa marehemu. Nisamehe, lakini ndivyo wanavyosema."

"Na nani aliwaambia ni marehemu? Picha haisemi."

Bosi alitazama meza. Akapangusa vumbi la unga ambalo halikuwepo.

Mama Kikombe akakaa. Yakamjia maduka yote, moja baada ya jingine, na mikono ya watu. Aliikumbuka mikono ile vizuri. Akishasema alifariki, mtu aliirudisha pakiti kwenye rafu taratibu, kwa mikono miwili, na yeye siku zote alidhani ile ni heshima. Kumbe alikuwa amemtoa mwanawe dukani mwenyewe, kwa mdomo wake, pole moja baada ya nyingine. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na majonzi yale yale ya siku ya kwanza, kana kwamba hayajawahi kupungua.

"Nikafunge maboksi," alisema, akanyanyuka.

Alirudi mezani, akajikaza kisabuni, akafunga maboksi hadi saa ya kutoka. Roli ya zamani iliisha mchana. Mwendesha mashine, mama mmoja waliyeanza naye kazi, alisimama na roli ya tembo mikononi, akamtazama, akangoja. Ilibidi Mama Kikombe aitikie kwa kichwa ndipo akaifunga.

Nyumbani alimkuta mumewe amechuchumaa chini ya sinki, anakaza koki.

"Wamemtoa," alisema.

Baba Kikombe aliacha spana. Akakaa chini kwenye sakafu yenye maji, suruali na yote.

"Mimi napita njia ya nyuma," alisema. "Ile ya kwenye mtaro. Tangu msiba. Ili nisiyaone maduka."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unakwenda kumwona. Ningekwambiaje usiende?"

Mama Kikombe akakaa kando yake kwenye maji yale yale na kulia, mara ya kwanza mbele yake tangu mazishi. Naye hakumwambia anyamaze. Alilia pia, vibaya, kama mtu asiye na mazoezi.

Wiki tatu baadaye jirani alimwagiza mafuta ya taa, akapitia dukani akitoka kazini, akajikuta kwenye rafu ile. Tembo walikuwa wamejipanga. Wawili walitazama ukutani, akawaacha. Mama mmoja alisimama hapo na mtoto mdogo mgongoni, akaona nembo ya kiwanda kwenye aproni yake.

"Samahani dada, wewe si wa huko kiwandani? Yule mtoto wa zamani mlimtoa kwa nini? Huyu wangu anamtafuta kila siku, uji wa tembo anauangalia tu."

Neno lilikuwa tayari mdomoni, kwa mazoea ya miaka miwili. Mtoto wa mgongoni alichungulia begani kwa mama yake, akimtazama yeye, akingoja.

"Amekua," Mama Kikombe akasema. "Msichana mkubwa sasa. Anaona haya kuonekana na masharubu ya uji."

Mama yule akacheka, akachukua pakiti. "Wanakua haraka hawa. Ana miaka mingapi?"

Mama Kikombe alishika ubao wa rafu. Ilimbidi afikiri, kwa sababu tangu mazishi hakuwahi kuhesabu kupita tisa.

"Kumi na moja," akasema.