Nchi Tuliyoitunga Kwenye Benchi la Gereji

Wakati nchi za jirani zilipotufungia mipaka kwa sababu ya vita vyetu, petroli ilianza kuuzwa kwa chupa na gereji za Buyenzi zikanyamaza. Mafundi walikaa milangoni wakiwa na mikono misafi, jambo ambalo sikuwahi kuliona mtaani kwetu. Mimi nilikuwa nikifundisha watoto Kurani mchana. Asubuhi nilikaa kwenye benchi la jirani yangu, fundi wa injini, ambaye tangu ujana wetu tulisimama safu moja msikitini. Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi dogo, kimewekwa juu ya matofali.

Mazungumzo ya siku zile yalikuwa hatari. Tangu rais auawe na watu waanze kuchinjana vilimani, mji ulikatwa mtaa kwa mtaa, na kuna njia ambazo mtu hakuzipita kwa sababu ya umbo la pua yake. Kwetu Buyenzi tulikataa kuulizana kabila. Waliokimbia kutoka pande zote mbili walilala kwenye mikeka yetu, na namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Lakini hata kwetu masikio yalikuwepo. Mtu aliweza kumtaja mkubwa fulani asubuhi, na jioni mkewe akawa mjane.

Mimi niliyachukia mazungumzo yale kwa sababu nyingine pia. Mwalimu wangu wa Ujiji alinifundisha kwamba kusengenya ni dhambi hata kama unachosema ni kweli. Kwa hiyo kila mtu alipolitaja jina la mtu kwenye benchi, nilikohoa.

"Maalimu, unatuua na kikohozi chako," fundi akaniambia siku moja. "Petroli apana, sukari apana, sasa hata maneno apana?"

"Maneno yapo. Watu ndio usiwaguse."

Akafikiri kidogo, akijikuna kidevu. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulipomjia uliuona kwanza mabegani. "Na mutu asiyekuwepo, naye anasengenywa?"

"Asiyekuwepo hapa?"

"Asiyekuwepo kabisa. Hajazaliwa, na mama yake pia hajazaliwa."

Nikamjibu kwamba ghiba inahitaji mtu wa kudhulumiwa, na asiyekuwepo hadhulumiwi.

"Basi mi niko na inchi," akasema. "Inchi muzima. Haipo."

Nikaweka sharti moja. Mzaha hauwi uongo mradi kila anayesikia ajue ni mzaha. Kwa hiyo kabla fundi hajaanza, mmoja wetu alipaswa kuuliza, "Ipo?" na sisi wote tujibu, "Haipo!" Ndipo alipoanza. Nchi hiyo hatukuipa jina. Tuliiita kule.

Kule milima ilisimama kwa mstari, mirefu mbele na mifupi nyuma, na kilima kilichochelewa kujipanga kilisawazishwa. Mikoa ilikuwa mitatu, kama sehemu za bunduki: Kitako, Mtutu na Kifyatulio. Watu wa Kitako walilima, watu wa Mtutu walitangulia kufa, na watu wa Kifyatulio walikaa ofisini. Ziwa lilikuwa chini ya ulinzi, na wimbi halikuruhusiwa kufika ufukweni bila kuonyesha karatasi. Mpaka wa kusini haukujulikana, maana kila kikosi kilichotumwa kuupima kilirudi kimeusogeza.

Rais alikuwa jenerali. Mawaziri walikuwa majenerali, na mkuu wa wakunga alikuwa meja. Mtoto alizaliwa na cheo cha koplo, na alipolia alishushwa. Uchaguzi pia ulikuwepo. Watu waliamriwa kutembea, na kila aliyetanguliza mguu wa kushoto alihesabiwa amekubali. Kule hakuna aliyefundishwa kutanguliza wa kulia.

Tulipofika kwenye uchumi, fundi alisimama kabisa ili aeleze vizuri. Kule pesa ilikuwa risasi.

"Sasa nikitaka mkate?" akauliza muuza nyama wa jirani, ambaye hakukosa siku hata moja.

"Unamupiga muuza mkate. Mkate ni wako."

"Na chenji?"

"Chenji watakurudishia ndugu zake."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mama aliyetupikia chai, ambaye alikimbia kutoka vilimani na kuacha wanawe wamelala shambani bila kaburi, alicheka kuliko sisi sote. Kisha akaingia ndani, na chai yetu ikachelewa sana.

Siku nyingine muuza nyama aliuliza kule wanamfanya nini mtu anayelicheka jeshi. Akajijibu mwenyewe: "Anapigwa risasi, si ndiyo?"

"We kata nyama yako, uchumi huujui," fundi akamwambia. "Risasi ni pesa. Nani atatupa pesa kwa mutu anayecheka? Apana. Sheria ya kule ni moja: anayelicheka jeshi atalibeba."

Wiki chache baadaye akaja mtu tusiyemjua, amebeba kabureta iliyofungwa kwenye gazeti. Fundi alikuwa tayari katikati ya hadithi. Tulikuwa tumekwisha kuulizana "Ipo?" na kujibizana "Haipo!" kabla mgeni hajafika, wala hatukukumbuka kuirudia kwa ajili yake. Aliketi nyuma yetu juu ya tairi. Hakucheka. Aliuliza jambo moja tu:

"Hii inchi munayosema, jeshi lake ni kubwa?"

"Kubwa kuliko inchi yenyewe," fundi akajibu. "Likisimama lote, wengine wanasimama kwa jirani."

Yule mtu akatikisa kichwa polepole, kama anayeweka neno mahali pake. Kisha akasema kuna gari limeharibika mtaa wa Cibitoke, fundi aje kesho kuliangalia. Fundi alikuwa hajapata kazi kwa muda mrefu. Alasiri ile alizipangusa spana zake kwa mafuta, moja moja, akiimba.

Hakurudi kutoka Cibitoke. Kesho yake, nikiwa bado kwenye mswala baada ya alfajiri, mkewe alisimama mlangoni pangu. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wa mumewe.

"Maalimu, vaa viatu. Ile inchi yenu imemukamata mume wangu."

Alikuwa amepata habari kwa mchomelea vyuma mmoja wa Cibitoke. Fundi alikuwa ameshikwa na watu wenye bunduki, akapandishwa mlimani Gihosha kwenye nyumba iliyoachwa na wenyewe. Walimshuku kuwa mkubwa wa jeshi lililojificha.

"Wanamupiga wanamuuliza Kitako iko wapi," akasema. "We ndiye uliyesema si zambi. Twende ukawaambie na wao."

Tukapanda kwa miguu. Tulipita Kigobe kando ya kuta ndefu za nyumba za wakubwa, ambako maua yalikuwa yakimwagiliwa kama kawaida. Tukaanza mlima. Hapo akasema, "Akitoka muzima, mutunge inchi ya watu wa kulala." Nikamwambia insha'Allah. Midomo yangu ilikuwa ikisoma dua wakati wote, na macho yalikuwa yakitafuta njia ya kurudi. Yote mawili ni kweli.

Wale watu walikuwa wa upande gani sitasema. Siku zile wenye bunduki walikuwa wa aina nyingi, na wa nyumba ile huenda wengine bado wana mama zao hai.

Walituingiza sebuleni. Viti vya wenye nyumba vilikuwa bado vimepangwa kuzunguka meza, na ukutani palikuwa na picha ya harusi. Mkubwa wao alikuwa akila maharagwe. Kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Fundi alikuwa chini sakafuni, mikono imefungwa kwa waya, jicho moja limefumba, na bega la kulia limekaa chini kuliko la kushoto.

"Muzee, kaa," yule mkubwa akaniambia kwa adabu. "Hiyo inchi unaijua?"

"Naijua."

"Iko wapi?"

"Haipo, mwanangu."

"Kila mutu anasema haipo. Huyu amesema haipo mpaka vijana wangu wamechoka. Inchi isiyokuwepo inapataje mikoa?" Akasukuma sahani pembeni. "Nieleze yote. Huyu nimekwisha kumuuliza. Ukisema tofauti na yeye, mutabaki wawili."

Hapo nikaelewa kwamba maisha ya rafiki yangu yanategemea niseme kila kitu kama kilivyo, pamoja na yale yatakayowakera. Nikasema bismillahi, nikaanza na milima. Nilipofika kwenye kilima kilichosawazishwa, askari wa mlangoni alikohoa. Nilipofika kwa meja wa wakunga, mwingine akageukia ukuta. Nilieleza ziwa, mipaka, uchaguzi na pesa. Sikupunguza neno. Ni ajabu kusimulia mzaha huku rafiki yako anavuja damu kwenye vigae. Yote tuliyoyatunga tukicheka yalisikika kama taarifa ya redio.

"Na mishahara?" yule mkubwa akauliza.

"Kule askari halipwi. Anaahidiwa."

Askari wa mlangoni akashindwa kujizuia. "Shefu, huyu muzee amefika kule kweli!" Wakacheka wote, isipokuwa mkubwa wao. Akakunja uso, na kicheko kikakatika palepale.

"Na kule," akaniuliza taratibu, "mutu akilicheka jeshi anafanywa nini?"

Nilijua jibu, na nilijua anaweza kulitumia. Nilitamani kusema anasamehewa, lakini sikujua fundi ameshajibu nini. Nikamgeukia fundi. Ndipo sauti ikatoka sakafuni, kupitia midomo iliyopasuka.

"Atalibeba, shefu."

"Kwa nini asipigwe risasi?"

"Kule risasi ni pesa. Nani atatupa pesa kwa mutu anayecheka?"

Yule mkubwa alitazama kijiko chake. Kisha mdomo wake ukapinda kidogo upande mmoja.

"Hata huku ni ghali," akasema. Askari wakacheka tena, safari hii kwa ruhusa. "Basi. Sheria yenu nimeikubali. Atabeba."

Mke wa fundi akapiga hatua mbele. "Na mimi nimecheka. Nipeni muzigo wangu."

"Mama, rudi kwako."

Hakubishana. Alifungua kitenge alichojitanda juu ya nguo zake, akakikunja mara nyingi mpaka kikawa ngata, kama wanavyofanya wanawake wakitaka kubeba mtungi. Akapiga magoti, akakiweka juu ya bega zima la mumewe. "Usibebee huku kwingine," akamwambia. "Umesikia we? Huku tu." Hakuna aliyemzuia.

Tukashuka mlima peke yetu. Mimi nilikuwa nikishukuru njiani. Mtu asiye na imani anaweza kuniona mwendawazimu, lakini nilikuwa nikikumbuka muuza nyama na jibu lake. Lau fundi angelikubali siku ile kwenye benchi, ingelikuwa ndiyo sheria, na sisi tungekuwa tunarudi na maiti. Nilijaribu kumwambia mkewe hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shukuru, Maalimu," akasema. "Mi nitashukuru akirudi."

Alirudi mvua zilipoanza tena, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Walibebeshwa masanduku ya risasi juu ya vilima, na aliyeanguka aliachwa alipoanguka. Ngata ilikuwa imebaki vipande, lakini alikuja navyo. Bega zima lilikuwa na kovu gumu kama gome. Lile lililovunjika halikuwahi kutengenezwa, kwa hiyo lilijiunga lenyewe vibaya.

Aliponyanyuka kitandani, alikuja kukaa kwenye benchi lake. Tulimpa chai. Muuza nyama, ambaye alimpenda sana na alikuwa na moyo mwema, alidhani atamrudishia furaha kwa njia ya zamani. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Ipo?"

Tukavuta pumzi tujibu pamoja. Yeye akatutangulia.

"Ipo," akasema. "Mi nimeibeba."

Wote wakanitazama, kama walivyonitazama siku ile alipouliza kuhusu mtu asiyekuwepo. Hawakuwa wakisubiri hadithi. Walikuwa wakisubiri hukumu, na mimi ndiye niliyeifungua njia ile. Niliwaambia kwamba kama ipo, basi na watu wake wapo, na aliyepo anasengenywa. Ruhusa yangu ilikuwa juu ya kitu kisichokuwepo, na sasa imekwisha. Fundi alitikisa kichwa kukubali. Mama wa chai akakusanya vikombe ambavyo havijaisha.

Vita vilidumu miaka mingi baada ya hapo, na hatukuzungumza tena habari za kule. Tulizungumza injini, mvua na bei ya maharagwe.

Ijumaa ya kwanza aliyoweza kufika msikitini baada ya kurudi, fundi alisimama kando yangu. Tulipoinua mikono kuanza swala, wake wa kushoto ulifika sikioni, na wa kulia ukaishia kifuani. Baada ya salamu akaninong'oneza akiniuliza kama swala yake inasihi, yaani ni sahihi, mkono usipofika.

"Inua unapofika," nikamwambia.

Mpaka leo anainua hadi hapo.