Koko na Kanisa la Kwenye Simu

Kitu kinachonichukiza kuliko vyote katika ibada ya simu ni pua ya pasta. Kanisani pua yake iko mbali, pua ya kawaida ya mtu wa Mungu. Lakini kule Beni anashika simu chini ya kidevu, na sisi huku Butembo tunahubiriwa na matundu mawili yenye nywele. Réseau ya simu ikikatika anaganda mdomo wazi kama makayabu, samaki wa chumvi, na Koko anafumba macho, anadhani ni maombi ya kimya.

Koko ni mama ya mama yangu. Mimi, mjukuu wake anayesoma darasa la troisième, ndiye niliyekuwa shemasi wa simu yake: ninunue mega za intaneti, nifungue direct ibada ikianza, niandike "Amina" kwa jina lake, yeye akichambua mboga yake ya lenga-lenga. Siku ya Meza ya Bwana pasta akasema kila mutu aandae mkate na kinywaji kwake nyumbani. Kwetu kulikuwa na viazi vya jana na chai isiyo na sukari. Tukashiriki Meza ya Bwana na chumvi kidogo. Nilitaka kutapika, tena si juu ya viazi, ni juu ya pua ile.

Usidhani ninalilia kanisa lile lingine, la kukutana. Watu wa Mbau, kijiji chetu, waliokimbilia Butembo wanasali katika darasa la kuazima, na walikuja na desturi yao nzima. Ibada ikiisha, wa kwanza kutoka anasimama mlangoni. Wa pili anamsalimu, kisha anajipanga ubavuni mwake. Wa tatu anawasalimu hao wawili, anajipanga, hivyo hivyo mpaka kila mkono umeshika kila mkono. Hakuna kuruka mutu. Kuna papa mmoja, mzee wa kanisa, alikuwa anapenga kamasi kwa vidole, anapangusa kidogo kwenye suruali, halafu, "Bwana asifiwe, binti yangu!" Nikifika nyumbani ninasugua mikono kwa majivu.

Ni katika mstari huo Koko alimwona mdogo wake wa kike.

Hawakuwa wamesalimiana tangu walipokimbia. Siku risasi zilipolia Mbau ilipatikana moto moja, pikipiki ya kukodi, na nafasi ya mutu mmoja nyuma ya dereva. Mdogo mtu akapanda, akapakata cherehani yake. Koko akabaki barabarani. Alitembea mpaka Beni, malapa yakamkatikia njiani. Cherehani haikupata hata mkwaruzo.

Donc siku ile darasani Koko alitazama mlango, akaona mdogo wake amesimama wa nne, mkono tayari. Akageuka, akapitia dirishani. Miaka sabini na kitu, kitenge mpaka magotini, mimi nyuma ninasukuma matako! Nilicheka mpaka nikajikojolea kidogo. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba barabara haina usalama, tutasali kwa simu. Barabara yenyewe ni dakika kumi, hatari yake kubwa ni mbuzi. Nilikubali mbio. Simu haina kamasi.

Miezi ikapita. Jumapili moja pasta akasema kwenye direct kwamba kuna mama wa huku Butembo mwenye neno, akamwunganisha, na sura ya mdogo wa Koko ikajaa kwenye kioo.

"Kesho ninarudi Mbau," akasema. "Shamba inaota majani, na hapa nimechoka kuomba-omba. Yaya, dada yangu mkubwa, kama uko unasikia, nilikosa. Niliona chuma mbele ya mutu. Unipe hata neno moja mbele niende."

Mioyo myekundu ikamwagika kwenye kioo, na Amina juu ya Amina. Kila mutu alijua maana ya kurudi Mbau. Kule watu wanaenda shambani asubuhi, na wengine hawarudi.

Koko akaacha majani. "Weka kitu," akaniambia.

"Kitu gani, Koko?"

"Kitu! Wewe njo unajua bile bintu bya simu. Weka tu!"

Mioyo ile ilinichefua. Watu wanasamehe huku wanachokonoa meno. Basi nikaweka sura ile inayocheka mpaka inatoa machozi. Nikaweka tatu, chini ya jina la Koko. Niliona ni mchezo mzuri, kwa muda wa kupiga chafya moja. Kisha mdogo wake akasogea karibu na kioo, akatazama. Sura yake ikatoka.

"Amejibu nini?" Koko akauliza. Alikuwa anatupa majani mazuri pamoja na mabua.

"Réseau imekata."

Asubuhi sikuenda shule. Nilimwambia ukweli nikiwa mlangoni, mguu mmoja tayari nje. Hakunipiga. Alinitazama vile mutu anatazama kitu alichokanyaga. "Ita moto," akasema.

Kwenye parking ya magari yanayokwenda Beni tulimkuta mdogo wake tayari ndani ya gari, kando ya dirisha, cherehani kwenye magoti. Koko akanyoosha mkono. Mwenziwe hakuupokea.

"Yaya, jana ulinicheka. Kanisa yote iliona."

"Hapana mimi. Ni huyu."

Abiria, wapakiaji, wauza mandazi, wote wakanigeukia. "Ni mimi, Koko," nikamwambia yule wa dirishani. "Nilikuwa ninafanya mchezo." Sauti ilinitoka ndogo kama ya kifaranga.

Koko akaigonga cherehani kwa kidole. "Na bado unaipakata! Ile siku ungenipakata mimi hivi!"

"Ah, Yaya! Wewe uko muzito!"

Wakacheka vibaya, vicheko vya kukohoa, mikono imeshikana juu ya kioo cha dirisha mpaka dereva akapiga honi. Nami nikanyoosha wangu. Mdogo wa Koko akautazama bila haraka.

"Wewe, hapana," akasema. "Wewe utangoja nirudi."

Gari likaondoka.

Tangu siku hiyo ninapiga namba yake kila jioni nikitoka shule. Haipatikani. Mbau réseau ni ya kubahatisha, kila mutu ananiambia hivyo. Koko haniulizi kitu. Ila nikiweka simu sikioni anaacha kazi yake, anatazama uso wangu, na ninajilazimisha nisifanye mchezo wowote nao.