Randa ya Kwanza ya Zebedayo Mashoto

Zebedayo wa mzee Sefania, seremala wa Vudee, alikuwa mtu asiyetulia, na msiharakishe kumcheka. Ndani ya miaka sita alipita karakana nne. Mwembe alikaa mwezi, Kisiwani wiki tatu, Moshi hata hakumaliza posho ya kwanza. Kote alikotoka walisema jambo moja: kijana mbao anazijua, ila ukimsimamia tu, anaharibu.

Walichokuwa hawakijui ni kwamba Zebedayo alikuwa mashoto. Alipokuwa mdogo, baba yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kamba ya mgomba kila chakula kilipotengwa, mpaka akajifunza kula kama watu. Mzee Sefania hakuwa katili. Aliogopa, basi. Mtoto anayempokelea mkubwa kitu kwa kushoto, ni nani atakayemwoza binti yake? Na mke kweli alipatikana, Eliwaza, tena mke wa haja. Lakini kwenye mbao mkono wa kulia ulikataa katakata. Zebedayo akiwa peke yake, mlango ameufunga, alishika zana kwa kushoto na kazi ikaenda vizuri. Mtu akikohoa tu hapo nje, haraka anahamishia zana kulia, na kazi inakwenda mrama. Hayo ndiyo maisha aliyoishi, moyo juujuu kutwa nzima.

Sasa mwaka huo, kama miaka mitano baada ya zile ghasia za Wapare kuigomea kodi ya mbiru ya mkoloni, usharika ulijenga zahanati, na wazee wakamwahidi Zebedayo kazi ya kutengeneza makabati ya dawa. Walitaka rafu ziingie kwenye mifuo iliyochimbwa ndani ya mbao, si kupigiliwa misumari, na mifuo yote iwe na kina kimoja. Kwa patasi peke yake angezeeka hajamaliza. Alihitaji randa ya kuchimbia mifuo, na aionyeshe kwa wazee Jumapili. Asipokuwa nayo, kazi wanampa fundi wa Moshi, naye anashuka tena tambarare kukata mkonge. Eliwaza alishamwambia bila kupepesa macho kwamba safari hii akienda mkonge, akirudi atakuta nyumba tupu.

Mzee Sefania akauza dume lake la ng'ombe. Na kwa kuwa dume lilikuwa lake, akasema na kuchagua atachagua yeye.

Ijumaa alfajiri wakateremka mlima kwenda Same. Njia nzima Zebedayo alikuwa mara mbele, mara nyuma, mara amesimama kufunga kiatu ambacho hakikufunguka. Mzee akamuuliza kama ana chango. Akajibu hana.

Dukani walimkuta Omari, msimamizi wa duka, mtu mpole aliyezijua zana zake. Akatoa randa mbili. Ya kwanza, mama yangu, ilikuwa uzuri mtupu: chuma kinang'aa, mpini wa mti mwekundu, na kisanduku chenye visu ishirini vya kubadilisha, kila kimoja na kitanda chake. Ya pili ilikuwa bapa la chuma lenye vishikizo viwili, kimoja huku na kimoja huku, na kisu kimoja kimechomoza katikati. Vingine viwili vimefungwa kwenye karatasi. Mzee Sefania hata hakuitazama hiyo ya pili. Kichwani alikwishawaona wazee wa usharika wakikiinamia kile kisanduku.

Omari akasema zana hainunuliwi kwa macho. Akawatolea kipande cha mvule kwenye meza iliyokuwa barazani, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri treni. Zebedayo akaishika ile kubwa kwa mkono wa kulia, akasukuma. Ikayumba. Akarudia, na ukingo wa ubao ukabanduka kipande kizima. Watu wakacheka. Mzee akasema ni uchovu wa njia, ajaribu tena.

Omari akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, hii imetengenezwa kwa mtu wa kulia. Hiki chuma cha pembeni, kinachoiongoza isiyumbe, kiko upande mmoja tu, hakihamishiki. Wewe unatumia mkono gani?"

Zebedayo akaiweka mezani ile randa kubwa. Angeweza kusema wa kulia, na kila mtu angefurahi: baba angenunua kisanduku chake, wazee wangekisifia, na makabati angeyaharibu mwezi ujao. Alichoka. Kwa kweli alichoka mpaka kwenye mifupa. Akaomba msumeno, akaushika kwa kushoto, akakata mistari miwili kwenye ubao. Katikati akachimbua kwa patasi. Kisha akaivuta ile randa ndogo. Kisu kipana alikiweka pembeni, maana mvule una nyuzi za ukaidi na kingezing'oa. Akafunga chembamba kwanza, akakishusha kidogokidogo. Akasukuma, akavuta. Alipofika chini akafunga kipana, akakipitisha mara moja tu kulainisha. Hakuna aliyecheka. Nyuma mtu mmoja akasema, "Kumbe mashoto," na Zebedayo alisikia.

Mzee Sefania akainama. Akaingiza kidole kwenye mfuo, akakitembeza mwanzo hadi mwisho, akarudia. Kina kilikuwa kimoja. Kisha akautazama ule mkono wa kushoto, na Zebedayo akafikiri sasa wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Mzee akamwambia Omari afunge hesabu ya ile ndogo. Omari akamkabidhi yeye, kwa kuwa ndiye mnunuzi, naye akageuka kumpa mwanawe. Zebedayo akanyoosha mkono wa kulia kwa adabu, kama alivyofunzwa, wa kushoto ameuficha nyuma.

Mzee hakuiachia randa.

"Siyo huo, mwanangu," akasema. "Nipokelee kwa ule niliokufunga."

Zebedayo akautoa mkono wa kushoto mbele ya watu wote wa baraza lile, akapokea.