Sahani ya Kwanza Msibani

Felista Nzowa, fundi cherehani wa Tunduma, alikuwa na sifa moja mbaya kwa ndugu zake: hakuna aliyewahi kumwona akinywa chai ya mtu. Walisema anaringa. Ukweli ni kwamba aliugua kisukari tangu usichana wake, akakificha kama mtu afichavyo kitu cha wizi. Pampu ya insulini aliifunga kiunoni chini ya kitenge. Kihisio cha kupima sukari alikibandika juu ya mkono, ndani ya blauzi. Mtu mmoja tu alijua: mdogo wake Recho, muuguzi huko Ujerumani, aliyemtumia vifaa hivyo na kuzisoma namba za sukari yake kila siku kwenye simu, kutoka mbali.

Mficha maradhi, wazee walishasema, kifo humuumbua. Na ndugu hawana hatia ya kutojua walichofichwa.

Siku ya kumzika baba yao mdogo, kijijini nje ya Vwawa, Felista aliketi mkekani kati ya wanawake. Masufuria ya wali na maharage yalipoepuliwa, aliingiza mkono chini ya kitenge akaiamuru pampu itoe dozi ya chakula, kama alivyofundishwa: insulini itangulie, chakula kifuate. Alisahau alikokulia. Katika ukoo ule hakuna anayeonja kitu msibani kabla ya wachimba kaburi, na wachimba kaburi walikuwa wamekutana na mwamba.

Jua likasogea. Simu ikatetema mapajani. Sukari ilikuwa ikishuka, na pampu ilikuwa imeshaacha yenyewe kutoa insulini, lakini dozi iliyokwisha kuingia mwilini hairudi. Pipi zake za dharura alizisahau Tunduma. Jasho likamtoka, vidole vikaanza kucheza. Bega lake liligusana na la wifi yake, Anastazia, na mkeka mzima ulijaa watu. Aliyejua kwamba anazama alikuwa Ujerumani. Ujumbe ukaingia: "Dada, kula kitu sasa hivi."

Akiomba, watajua. Asipoomba, atazimia, na pengine asiamke.

"Wifi," alinong'ona, "nipe sukari."

"Sukari? Wewe? Si ndiwe uliyeikataa chai yangu siku ya ubatizo wa mtoto?"

"Nipe, nakufa."

"Jamani, msikieni bibi wa Tunduma! Leo kaikumbuka sukari!"

Wanawake walicheka kwa kujibana, maana ni msiba. Felista alipandisha mkono wa blauzi wakakiona kihisio, kisha akaitoa pampu na mrija wake.

"Ni kisukari. Miaka yote hii."

Kicheko kikakatika. Anastazia alikimbilia jikoni, akarudi na kikombe cha maji ya sukari, akamnywesha mwenyewe.

"Mpakulieni," alisema shangazi Marta, mkubwa wa wanawake pale.

"Shangazi, wachimbaji bado hawaja…" mmoja wao alianza.

"Wachimbaji wanachimba moja. Mnataka wachimbe mawili?"

Sahani ikaletwa. Wenzake walisogea wakamwachia mkeka, wengine kwa huruma, wengine kwa kuogopa ule mrija. Msibani watu hula sinia moja, mikono ikigongana. Felista alikula peke yake, macho ya wote yakifuata kila tonge. Akameza, akachota tena.