Bakteria Hawafungi Ramadhani

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika skuli moja ya Wete, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna anayenisikiliza. Ramadhani ya mwaka juzi mama yangu alikatwa mguuni na gamba la chaza akivuna mwani kule Kiuyu. Ana sukari, kidonda kikachimba, daktari akampa amoksilini: kidonge kimoja kila baada ya saa nane. Mama akatii kwa njia yake. Kimoja alikimeza kwenye futari, kimoja akienda kulala, kimoja kwenye daku. Vitatu ni vitatu.

Nikakaa naye barazani nikamsomesha bure. Nikamwambia dawa hii haimpigi bakteria kichwani. Bakteria akitaka kuzaana lazima aurefushe ukuta wake, abomoe kidogo na kuunga vipande vipya. Dawa humzuia kuunga, naye anaendelea kubomoa, maji yanaingia mpaka anapasuka. Lakini dawa yenyewe haikai mwilini. Jua likishapanda imekwisha kutoka na mkojo, na bakteria, mafundi wa ukuta, wanarudi kazini mpaka magharibi, bila bughudha, tena wameshiba.

"Mama, bakteria hawafungi," nikasema.

"Basi miye ndo niwafuate wao?"

Nikamleta shehe, nikidhani yeye atasikilizwa. Akamweleza kwa upole kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula, atalipa akipona. Mama akamshukuru sana, akamfungia tende za kufuturia, kisha akanambia kwamba karuhusiwa, hakuamrishwa. Majirani wakaja kuisifu imani yake. Hakuna aliyeusifu mguu, ambao ulikwisha kuanza kunuka.

Wiki ya Idi akakatwa vidole viwili. Daktari alisema uozo ukipanda zaidi utakatwa mguu wenyewe, na mimi sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Nikahamia kwake. Nikawa namwosha kidonda na kumpa dawa mpya kwa mkono wangu, asubuhi, mchana na usiku, naye anameza bila ubishi. Nikaanza kujipongeza kimoyomoyo kwamba hatimaye somo limeingia.

Jioni moja akaniita chumbani, mguu wenye bandeji kaunyoosha juu ya mto.

"Mwanangu, weye huamka mapema. Kesho niamshe kwa daku, nataka kuanza sita zangu za Shawali, zile funga za sunna."

Nikamwambia alale tu. Nikaenda jikoni nikalia kwa hasira, maana nilijua hata nisipomwamsha, ataamka mwenyewe.